Mabovu ni ya Mchambuaji

Wakenya walipoanza kuwa wakali na mahindi yetu, sisi wachambuaji wa Machochwe tulifurahi kuliko mtu yeyote. Gati mwenye ghala ananunua mahindi kwa wakulima, sisi tunayachambua uani kwake, kisha lori linapeleka mazuri Sirari yavuke mpaka. Yaliyooza, yaliyopasuka, yenye ukungu, hayo ni ya mchambuaji. Ndiyo malipo yetu tangu ghala likiwa la mama mkwe wa Gati. Kwa hiyo kila walipokaza masharti kule mpakani, ndoo zetu huku zilijaa zaidi. Siku hizi hata punje yenye doa dogo inaangukia kwangu. Kufa kufaana.

Mimi Mokami si mtu wa kutupa chakula. Mabovu nayaosha, nayaanika juu ya turubai, nayasaga. Unga huo ndio uji wa binti yangu Sarah, niliyemwachisha ziwa majuzi. Mtoto mwenyewe ni mzito wa kukua, na kliniki kila mwezi wananilaumu kwamba simlishi. Simlishi! Anakunywa uji asubuhi, mchana na jioni, na bado mkono wake nauzungushia vidole viwili vikakutana. Hakuna jambo lililoninyima raha kama hilo.

Alhamisi Gati alikuwa Sirari na lori, mimi niko nyumbani naanika. Tangu asubuhi nilikuwa roho juu, maana mzigo ukirudishwa, kazi imekwisha. Simu ikaita.

"Yamepita!" Gati akapiga kelele. "Wamechota sampuli, wamepima, yamepita! Afisa anasema hajaona mahindi safi hivi."

"Mungu ni mwema."

Halafu akashusha sauti.

"Mokami. Ameniuliza, yale mliyotoa mmeyapeleka wapi? Nikamwambia tunakula. Akaweka kalamu chini, akanitazama. Anasema sumukuvu, sumu ya ukungu, imejaa humo humo. Haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Inakula ini polepole, na watoto inawadumaza. Usimpe Sarah."

Sarah hakuwa kwangu. Alikuwa kwa mama yangu, ng'ambo ya bonde, na unga nilimpelekea mwenyewe asubuhi ile. Nikapiga simu ya mama. Imezimwa, kama kawaida yake. Simu ile anaitunza kama yai. Nikatoka mbio, nikakumbuka kuku, nikarudi kuwafukuza kwenye turubai, nikatoka tena. Nilikimbia, nikatembea, nikakimbia. Watu walinisalimia njiani, sikuitika, na najua walinisema.

Nilimkuta Sarah kwenye mkeka, kikombe kiko mdomoni. Nikakipokonya. Akaangua kilio, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Una wazimu? Hujasalimia, unamnyang'anya mtoto chakula?"

"Shikamoo mama. Uji huu una sumu."

"Sumu gani? Wewe nimekukuza kwa mahindi haya haya. Umekufa?"

Niliumwaga uji shimoni mbele yake, na unga wote nikaumwaga, nikalia kumshinda mtoto. Niliogopa, niliona aibu, na nilikuwa na hasira nisiyojua nimpe nani. Huyo afisa nisingeweza kumkasirikia. Miaka yote hiyo, ni yeye peke yake aliyeuliza mabovu yanakwenda wapi.

Jumamosi Gati akatuita tena uani. Alikuwa amechimbisha shimo nyuma ya ghala.

"Kuanzia leo mabovu yote humu, tunafukia. Hakuna kubeba hata punje."

"Sawa," nikasema. "Na sisi tunabeba nini?"

Wenzangu wakainamisha vichwa, mikono ikiendelea na kazi.

"Nitafikiria, Mama Sarah. Hebu tumalize mzigo kwanza."

Nikachambua. Zuri huku, bovu kule. Nilianza kumwona mtoto wa ng'ambo ya mpaka atakayekunywa uji wa mahindi yale, mnono, ana mashavu. Simchukii, naye ni mtoto wa watu. Lakini nilishindwa kutulia, kila punje nzuri ilinichoma mkononi. Jua lilipofika utosini niliinuka, nikabeba ndoo yangu hadi kwenye lundo safi, nikachota.

"Mokami! Hayo ni ya Kenya!"

"Nimeyachambua mimi. Yanayomfaa mtoto wa Kenya yanamfaa na wangu. Ukitaka, nifukuze."

Ndoo sikuiweka chini, ingawa kazi nyingine Machochwe sina. Gati akalitazama lori, akanitazama mimi, kisha akawatazama wenzangu. Walikuwa wamekwisha kusimama, kila mmoja na ndoo yake.

"Choteni basi," akasema. "Lakini fanyeni haraka, dereva anasubiri."