Bwawa la Sebuleni

Siku walipomaliza kufukia bwawa la hifadhi ya wanyama ili wageni wapate pa kuegesha magari, mfagiaji wa mabanda ya kambi alikuwa sebuleni kwake akikunja mashuka. Maji yaliingia kwa mlango wa mbele, taratibu, yakasambaa hadi ukutani na kutulia usawa wa magoti. Matete yakafuata, kisha vyura, kisha korongo wawili waliosimama kwa mguu mmoja kando ya kabati kama wapangaji wapya. Mama mkwe wake, aliyejilaza kwenye kochi, akakunja miguu.

"Bwawa limehama," akasema.

"Naona, mama. Lingekwenda wapi?"

Wakapandisha godoro juu ya meza, wakaendelea na shughuli zao.

Jumapili alasiri, mfagiaji alikuwa aking'oa magugu yaliyoziba mlango wa chumbani alipogusa kofia ya kazi. Chini ya kofia alikuwepo mumewe. Mumewe alikuwa askari wa hifadhi, na tangu masika yaliyopita ofisi ilikuwa ikisema ametoroka kazini na kimada. Mama mkwe aliyaamini hayo. Kila alipoletewa uji alisema mwanawe asingekimbia nyumba yenye mke wa maana, na mkaza mwana aliyameza maneno, akaosha kikombe.

Sasa mume alikaa kitako, maji yakimfika kifuani. Koti lake la mvua lilikuwa na tundu mgongoni.

"Ni mgeni wa mkuu wa hifadhi," akasema. "Alipelekwa kuwinda upande uliokatazwa. Akaona matete yanatikisika, akadhani ni kuro, akafyatua risasi. Mkuu mwenyewe ndiye aliyenifunga mawe na kunizamisha bwawani."

"Umekula?" mkewe akauliza.

"Sisikii njaa."

Mama mkwe aligeukia ukuta akakaa hivyo hadi giza lilipoingia. Kisha akasema, "Mwanangu, niletee maji ya kunywa," na ilimchukua mfagiaji muda kutambua kwamba aliyeitwa mwana ni yeye.

Mkuu wa hifadhi alifika kesho yake. Alivua viatu mlangoni, akakunja suruali, akampa marehemu mkono na kumjulia hali ya mgongo.

"Mkuu, ukweli ndio huo umekaa hapo," mfagiaji akasema.

"Nimemwona, dada. Lakini ofisini jambo hili lilishakwisha. Kwetu huyu ni mtoro, na mtoro hatumfanyii mazishi." Akawatazama korongo kwa furaha. "Ila hawa ndege, wageni wamewaulizia sana. Tusiwasumbue."

Mfagiaji alishika ufagio kwa mikono miwili. Mama mkwe akasubiri aunyanyue. Hakuunyanyua, kwa kuwa nyumba ilikuwa ya hifadhi, na mama mkwe hakuwa na pengine pa kulala.

Jumamosi wageni walijipanga dirishani na darubini zao. Walikuwa na adabu, wakinong'ona na kuonyeshana korongo. Mmoja wao alishusha kamera na kumwuliza mfagiaji kama yule bwana angeweza kuinama kidogo, kwa sababu anaharibu picha.

Mfagiaji akamgeukia mumewe. Mumewe akavua kofia, akampa, akazama.