Nyumba ya Mzee Shire

Jecinta alipoacha kazi katika duka la samani la katikati ya mji, watu wa Makongeni walidhani amefukuzwa. Hawakuelewa mtu anaachaje kazi ya kukaa kivulini na kupokea mshahara kila mwezi, halafu aseme anakwenda kujitegemea kwa kupamba nyumba za watu.

"Kupamba nyumba nayo ni kazi?" jirani mmoja alimwuliza mama yake, Teresiah, walipokutana bombani. "Nani asiyejua kupanga viti vyake?"

Teresiah alicheka tu, akajitwika ndoo yake. Yeye alijua binti yake ameianza kazi hiyo kabla hajajua kusoma. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa reli, na familia nzima iliishi katika chumba kimoja cha nyumba za reli, pazia likitenga upande wa wazazi na upande wa watoto. Jecinta hakuweza kuliacha pazia lile litulie. Leo amelivuta huku meza ipate nafasi, kesho amegeuza kabati likatazama dirisha. Baba akirudi kutoka zamu anajikwaa, anafoka, kisha anasimama katikati ya chumba akishangaa mahali palipotoka upana ule.

Dukani alijifunza mengi. Alijifunza vitambaa, mbao, vipimo, na namna ya kuweka taa ili kona mbaya isionekane. Alijifunza pia kupenda rangi moja. Mwajiri wake aliabudu rangi ya malai, ule weupe wa maziwa mazito: kuta za malai, zulia la malai, mapazia ya malai mpaka chini. Wateja wa Lavington na Muthaiga walitaka hivyo, na majarida yaliyoletwa kutoka ng'ambo yalikuwa hivyo. Jecinta akawa hodari wa malai. Lakini kila alipomaliza nyumba moja alikuwa kama mtu aliyerudi katika ile ya wiki iliyopita, na hicho ndicho kilichomtoa pale, ingawa alipoulizwa sababu alisema anataka kujitegemea tu.

Kazi yake ya kwanza ya kujitegemea aliipata Eastleigh, mwaka 1981, dukani kwa Fadumo, mwanamke aliyemuuzia vitambaa kwa muda mrefu. Fadumo alikuwa amenunua nyumba Buruburu, nyumba ya chini isiyo na ghorofa, na alikuwa anahamia huko na baba yake, Mzee Shire, aliyemwita Aabo. Mzee huyo aliendesha lori la mizigo kwenda Wajir na Mandera karibu maisha yake yote. Sasa macho yalikuwa yamemchoka. Daktari alisema dawa itayazuia yasiharibike zaidi, lakini kilichokwisha kupotea hakitarudi.

"Nataka nyumba yenye mwanga," Fadumo alisema huku akimkatia kitambaa. "Aabo anaona kidogo tu. Nataka akiingia aone mwanga."

Jecinta akasikia neno mwanga, na mikono yake ikakimbilia kile ilichokijua. Alimwita Matheka, fundi wa rangi aliyefanya naye kazi tangu siku za dukani, wakaing'arisha nyumba ile. Kuta za malai, milango ya malai, meza nyeupe, zulia lililopauka kama mchanga. Jua la asubuhi lilipoingia, nyumba ilimeremeta. Jecinta alisimama mlangoni akajisemea kwamba sasa ana jina lake mwenyewe mjini.

Siku ya kuhamia, jamaa walijaa sebuleni wakisifu. Mzee Shire aliingia amemshika bintiye bega, mrefu, kikoi kimenyooshwa, ndevu zimepakwa hina. Alisimama akageuza kichwa polepole upande huu na upande ule. Kisha akaliachia bega la Fadumo na kuanza kutembea kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuongoza wengine.

Aliigonga meza kwa goti. Chupa ya chai ikaanguka, naye akaanguka juu yake.

Watu walimwinua. Hakuwa ameumia sana, ila chai ilikuwa imemlowesha mbele ya wageni wote.

"Nirudishe Eastleigh," alisema.

Hakurudishwa, kwa maana ile nyumba ya kupanga ilikwisha kuchukuliwa na wengine. Akaingia chumbani mwake, akaketi kitandani, na hakutaka kutoka. Akitaka kwenda msalani ilibidi Fadumo amshike mkono, na kwa vile Mzee aliona aibu, alijizuia mchana kutwa badala ya kumwita. Alianza kukataa chai na maji. Fadumo naye akaacha kwenda dukani, akawa anakaa ukumbini nje ya mlango wa baba yake kama askari.

Jecinta alipokwenda kumwona, Fadumo alimkaribisha vizuri sana.

"Nyumba ni nzuri, dada," alisema. "Kila mtu anaisifu." Halafu akajifunika uso kwa shela na kulia.

Jecinta alijua wiki ile ile maneno yangefika Eastleigh nzima kwamba amemwangusha mzee wa watu, lakini si hilo lililomwuma. Kilichomwuma ni kikombe cha maji kilichoachwa kimejaa mbele ya mlango uliofungwa.

Akabisha. "Hodi, baba. Ni mimi niliyepamba nyumba."

"Ah," sauti ilisema kutoka ndani. "Wewe ndiye uliyenitia kwenye vumbi."

Aliingia akaketi kwenye kigoda. "Vumbi gani, baba?"

"Vumbi la barabara ya Modogashe. Likiinuka, mbingu na ardhi ni kitu kimoja. Lori unalo, mikono unayo, na hujui ulipo." Akageukia ukutani. "Niache nilale."

Jecinta alitoka akasimama ukumbini. Mkobani alikuwa na kipande cha kitambaa chepesi cha nyavu za dirishani. Alikikunja mara kadhaa, akakifunga machoni, akageuka kuitazama kazi yake.

Hakukuwa na kitu. Ukuta uliingia sakafuni, sakafu ikapanda mezani, mlango ukamezwa na ukuta. Alitembea mikono mbele katika nyumba ambayo yeye mwenyewe aliipanga, na alijigonga kwenye kiti kile kile alichokichagua kwa furaha. Kisha, mbali kidogo, kitu cheusi kilisogea. Kilikuwa buibui la Fadumo, aliyetoka jikoni. Jecinta alikifuata moja kwa moja bila kukosea, mpaka akamshika mwenzake mkono.

"Fadumo," alisema, bado amefungwa macho, "nikubalie niiharibu nyumba hii."

Matheka alipoitwa alikasirika. Alizunguka akizigusa kuta zake laini. "Madam, mwezi haujaisha tangu nipake. Unataka nimwage rangi nyeusi juu ya kazi hii? Watu wataniuliza nilikuwa nimelewa?"

"Si kuta zote. Miimo ya milango tu. Na isiwe nyeusi, iwe buluu ya usiku kabisa."

Jecinta hakufungua jarida hata moja. Kila alipotaka kuamua jambo alijifunga kile kitambaa machoni. Kama hakukiona kitu, kilibadilishwa. Matheka alipaka miimo buluu, mlango wa msalani nyekundu ya matofali, na meza nyeupe ikawa ya rangi ya kahawa. Gikomba alimpata mfumaji aliyemtengenezea mkeka mwembamba wa katani uliotiwa rangi nzito, mrefu, wenye mkwaruzo wa kutosha kuhisiwa hata na mguu uliovaa sandali. Aliutandaza kutoka kitandani hadi msalani, na mwingine hadi sebuleni kwenye kiti cha dirishani, akaipigilia misumari kingo zote ili isije ikamtega mtu. Kiti chenyewe alikivalisha turubai la kijani, lile nene la kufunikia mizigo, kwa sababu hakuna kiti kingine ndani ya nyumba ambacho mkono ungekifananisha nacho.

Fadumo aliangalia yote hayo akiuma shela. "Shangazi zangu wakija watasema nini?"

"Watasema ni nyumba ya ajabu," Jecinta alijibu, na kweli ilikuwa ya ajabu. Haikufanana na nyumba yoyote aliyowahi kuiona. Alipoitazama kutoka mlangoni hakujua kama ni nzuri. Alijua tu kwamba haikuigwa popote, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko ghadhabu ya mteja yeyote wa Muthaiga.

Alasiri ile Matheka alipofunga makopo yake, Fadumo alifungua mlango wa chumba. "Aabo, njoo uone kama sasa ni afadhali."

"Nimekwambia sitaki kushikwa."

"Hakuna atakayekushika."

Kisha Mzee Shire akatokea, ameshika fremu ya mlango. Mguu wake ulipapasa ukapata mkeka. Akasimama. Aliusugua mkwaruzo ule kwa unyayo, mbele na nyuma, kama mtu anayejaribu breki. Akainua uso kuelekea ukumbini, macho yakatulia mahali fulani.

Akatembea. Jecinta alijikuta ameukamata mkono wa shati la Matheka, na Matheka, rangi bado mikononi, hakuutoa. Mzee alikwenda taratibu, hakupapasa ukuta, hakuita mtu. Alipofika kwenye mlango mwekundu aliusukuma, akaingia, na wote watatu wakasikia komeo likisukumwa kwa ndani. Halafu maji ya bomba.

Fadumo aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Alicheka, machozi yakimtiririka, akawa anapiga sakafu kwa kiganja. Matheka alipumua kwa sauti, akasema, "Haki ya Mungu." Jecinta aliegemea ukuta. Tangu siku ile ya chupa ya chai hakuwa amepumua sawasawa, na sasa pumzi iliingia yote kwa pamoja mpaka kifua kikamwuma.

Mzee alitoka ametawadha, maji yakimdondoka mikononi. Alifuata mkeka wa pili hadi dirishani, akaugusa mgongo wa kiti, akaupapasa tena.

"Turubai," alisema kwa mshangao, akaketi. Mkono wake ulitoka moja kwa moja ukatua ukingoni mwa meza. "Na hii meza naiona. Ni mbaya sana."

"Ni mbaya, baba," Jecinta alikubali.

"Mbaya, lakini ipo. Fadumo! Leo unafunga duka kwa nini? Nani anawauzia watu nguo?"

"Nakwenda kesho, Aabo."

"Nenda. Na huyo fundi na huyu binti wapewe chakula, wanasikika wamechoka."

Wakala wali na nyama ya mbuzi kwenye sinia moja, Mzee akimweleza Matheka habari za mto uliofurika na lori lililokaa juu ya paa la duka. Jua lilikuwa bado juu Jecinta alipotoka akashika njia ya Jogoo Road kwa miguu. Mikono ilikuwa na buluu mpaka kwenye viwiko, watu walimtazama, naye hakujali. Alijiona mwepesi kama mtu aliyeshusha gunia na bado analihisi begani.

Nyumbani, Teresiah alikuwa akichambua mboga. "Imekuwaje?"

"Ameingia mwenyewe, Maitu. Akafunga komeo," Jecinta alisema, akajilaza kitandani kwa mama yake aendelee kusimulia. Alifika mahali pa mkeka, sauti ikazama, na Teresiah alipogeuka alimkuta amelala fofofo, mdomo wazi. Mama aliuacha usingizi ule, akapunguza sauti ya redio, akarudi kwenye mboga zake.