Mpishi wa Boma na Njaa Iliyokwisha

Mwaka 1912 Pankrasi alikuwa mpishi wa maofisa wa Kijerumani katika boma la Songea. Mji mzima hakuna aliyemzidi kwa unene ila ofisa mmoja tu, na huyo naye alinenepeshwa na Pankrasi mwenyewe. Jikoni alionja kila kitu, na kuonja kwake kulikuwa bakuli zima. Nyama ya nguruwe iliyobaki mezani aliimaliza, mchuzi wa mafuta aliukomba kwa mkate, na vipande vya sigara walivyotupa mabwana alivivuta akiwa ameegemea ukuta wa stoo. Jioni mkewe, Theodosia, alimwekea ugali wa ulezi, naye akala kama mtu aliyetoka safari.

Watu hawakumcheka. Miaka sita nyuma, wakati wa vita vya Maji Maji, mashamba yalichomwa na maghala yakateketezwa, na Ungoni wote ukashikwa na njaa. Pankrasi alimzika mama yake na wadogo zake wawili ndani ya mwezi mmoja. Baadaye alipopata kazi ya jikoni kwa haohao waliochoma maghala, alijiapiza kwamba hatalala tena na tumbo lenye nafasi.

Asubuhi moja alikuwa akipandisha bakuli la supu kutoka jikoni kwenda barazani kwa maofisa. Katikati ya njia kifua kilimbana kama kimefungwa kamba. Akakaa chini, supu ikamwagika yote, na mabwana siku hiyo wakala mkate mtupu. Yeye akapelekwa kwa dresa aliyetibu wagonjwa wa boma, Bakili, Myao wa Tunduru, mtu mwembamba asiyejua kupaza sauti.

Bakili alimwekea mrija wa mbao kifuani, akatega sikio kwa muda mrefu.

“Moyo unasemaje?” Pankrasi akauliza.

“Unalalamika. Kaka, umeubebesha mzigo wa wapagazi wawili.”

“Nipe dawa.”

“Dawa ninayo ya homa na ya vidonda. Hii utaifanya mwenyewe. Sigara acha kabisa. Chumvi na mafuta ya nguruwe, punguza. Na utembee kila siku, taratibu, siyo kwa mashindano. Kifua kikibana, simama.”

“Na kuonja? Mimi ni mpishi.”

“Onja kwa kijiko. Wewe unaonja kwa sufuria.”

Nyumbani Pankrasi alimsimulia mkewe kama kichekesho. Theodosia hakucheka. Alikuwa akichambua mboga, akaendelea kuchambua.

“Baba Ida,” alisema, “njaa imekwisha, wewe bado unaikimbia. Utakimbia mpaka wapi?”

“Na ikirudi?”

“Ikirudi itatukuta na ghala la ulezi. Haitakuja kukagua tumbo lako.”

Kesho yake alfajiri Theodosia alimwamsha, wakashika njia ya milima ya Matogoro. Siku hiyo hawakufika mbali. Pankrasi aliishia kwenye kijito cha kwanza, akasimama akihema huku wanawake wenye majembe wakimpita na kumwamkia kwa adabu iliyomchoma zaidi ya kicheko. Siku ya pili aliishia palepale. Wiki ya tatu alivuka kijito.

Sigara ndiyo iliyomtesa. Askari mmoja, Daimu, alifurahi kurithi vile vipande, akaja kuvivutia mlangoni pa jiko, mpaka Pankrasi akamfukuza kwa mwiko. Chumvi ilikuwa rahisi kidogo. Theodosia aliunga mboga kwa karanga, akakamulia ndimu, na binti yao Ida, aliyekuwa na miaka minne, akakunja uso siku mbili kisha akasahau. Huko boma yule ofisa mnene alilalamika kwamba supu imekuwa nyepesi. Pankrasi akamsogezea kikopo cha chumvi mezani, akarudi jikoni kwake.

Ikaja Pentekoste. Palichinjwa nguruwe wawili, na Pankrasi, aliyejizuia miezi mitatu, akala mpaka akafungua mshipi. Asubuhi yake, kabla hata ya kufika kijitoni, kifua kilibana. Alikaa juu ya jiwe. Theodosia akakaa kando yake, asimkaripie.

Kilipoachia, Pankrasi alisema, “Mama alikuwa akinipa fungu lake. Alisema ameshiba. Nikiacha chakula kwenye sahani, naona kama namtupa yeye.”

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumweleza hilo. Theodosia alimshika kiganja.

“Alikupa ili uishi,” alisema. “Basi ishi.”

Walirudi polepole, wakapitia kwa Bakili. Dresa alimsikiliza tena kwa mrija wake, akamwamuru apumzike siku nne, kisha aanze upya kama mtoto anayejifunza kutembea. Pankrasi hakubisha. Tangu hapo akiwa jikoni alionja kwa kijiko kidogo cha chai, na alipotamani zaidi alitoka nje akanywa maji, akazunguka boma mara moja, akarudi. Pombe ya ulezi aliiacha kwa sikukuu, bilauri moja. Akawa analala mapema. Kufikia kiangazi suruali zake zilimpwaya, akazipeleka kwa fundi kupunguzwa. Bakili alimwambia moyo umetulia ila haujasahau, kwa hiyo naye asisahau.

Desemba waliomba ruhusa kwenda Peramiho kwa Noeli. Walikwenda kwa miguu, wakalala njiani kwa Lidwina, dada yake Theodosia, ambaye hakumtambua shemeji yake mpaka aliposema. Siku ya pili Ida alichoka. Ulikuwa umebaki mpando mmoja, na kengele ya kanisa ilikwisha kusikika. Theodosia akanyoosha mikono ambebe mtoto.

“Niachie mimi,” Pankrasi akasema.

Akamweka mabegani, akapanda hatua kwa hatua, akisimama mara mbili tu. Ida alisinzia njia nzima. Mate yake yakamlowanisha baba yake shingo.