Mwanaume wa Mama Yudita

Kila alfajiri, kabla jirani wa kwanza hajafungua mlango, Goretti alizipaka matope buti za mwanaume asiyekuwepo. Hakuzipaka ovyo. Alichota udongo mwekundu uliolowa kando ya dumu la maji, akaupakaza kwenye soli na visigino, akazilegeza kamba kama za mtu aliyevua akiwa hoi, kisha akaziweka nje ya mlango, moja imesimama na nyingine imelala ubavu. Siku za jua alizirushia vumbi tu. Siku za mvua alizisogeza chini ya bati, maana mwanaume mwenye mke haachiwi buti zake zinyeshewe, na kasoro kama hiyo majirani wa Misiera wangeiona kabla hawajanawa uso.

Mwaka huo, 2009, Misiera, kijiji cha kambi ya wakimbizi, ilikuwa imechangamka. Maduka ya wakimbizi yalikuwa yameota pande zote mbili za barabara, na Goretti naye alikuwa na kibanda cha samaki wakavu, chumvi na sabuni, mbele ya chumba alimolala na binti yake Yudita, mtoto wa miaka tisa. Mumewe alibaki kwao Fizi, ng'ambo ya mpaka, kwenye kaburi lililochimbwa na watu waliokuwa na haraka ya kukimbia. Kanisani waliomjua kwa jina la Goretti walikuwa wachache. Alikuwa Mama Yudita, aliyeongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya akina mama, na aliyekuwa wa kwanza kufika na sufuria pakitokea ugonjwa au msiba. Hakuwa tajiri wala hakuwa wa kuhurumiwa, na hali hiyo ilimtosha kabisa.

Kisha wakaja wale watatu. Ilikuwa jioni, mvua ikipiga bati kiasi cha watu kutosikilizana, na kandili ndiyo kwanza imewashwa. Mmoja alikuwa na bunduki, wenzake mapanga. Hawakuwa na pupa. Walibeba magunia ya samaki aliyoyaleta mchana huohuo, wakabeba redio, wakabeba na godoro. Yudita alikuwa amejikunyata chini ya meza, na mama yake, bila kujua, alikuwa amemkanyaga vidole vya mkono. Mtoto hakutoa hata sauti. Mwenye bunduki alizungusha macho chumbani, akaona msumari ukutani usio na shati wala suruali. Kabla hajatoka alisema kwa upole, kana kwamba anaagana na wenyeji, "Hapa hakuna mwanaume. Tutakuwa tunapita."

Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima Goretti usingizi kuliko bunduki. Bunduki alikwisha kuziona Fizi, na anayeshika bunduki huja akaondoka. Hawa walimwahidi kurudi. Polisi walifika kesho yake, wakamhoji, wakamshauri atie komeo la pili, naye akalitia. Majirani walimpa pole za dhati na kumchangia unga. Lakini kila alipowatazama usoni swali lilikuwa lilelile: nani aliwaambia kwamba samaki wameingia leo? Huyo mtu hakulazimika kuwa mbaya. Ilitosha awe na mdomo na awe na muda wa kukaa kwenye benchi la duka, na Misiera haikupungukiwa na watu wa namna hiyo.

Mara moja kwa wiki Goretti alikwenda mjini Mbarara kuuza samaki, na wateja wake wazuri walikuwa wake wa askari wa Makenke, walionunua nje ya lango la kambi ya jeshi. Mmoja wao, Angella, mke wa koplo, alimwona wiki ile ya wizi akifunga samaki kwenye gazeti, akifungua, akifunga tena. Akamuuliza kulikoni. Goretti akamweleza yote, hadi yale maneno ya mwisho.

"Nyabo, mama yangu, wacha kulia," Angella alisema kwa Kiswahili cha jeshini. "Mwizi hapana ogopa Mungu, hapana ogopa polisi. Mwizi naogopa mwanaume yenye kulala ndani."

"Sasa huyo mwanaume nitamupata fasi gani, mama?"

"Hapana tafuta. Ngoja hapa."

Akaingia ndani ya kambi, akarudi na mfuko mweusi wa plastiki. Mfukoni mlikuwa na buti ndefu za jeshi, visigino vimelika upande.

"Gwanda siwezi kukupa, ile ni kesi, watakufunga. Lakini hii bwana yangu Jonan alitupa kitambo. Yeye saa hii iko Somalia na mpya. Weka nje ya mlango. Asubuhi unagusa kidogo, watu waone inatembea."

Goretti aliupokea mfuko bila kuchungulia ndani tena. "Na wewe, mama, wewe unalala bila kuogopa?"

Angella akacheka. "Mimi? Bunduki iko huku, bunduki iko kule, nalala vizuri sana. Ni kutoka geti ndiyo naogopa. Jonan akimaliza jeshi, tutaenda kukaa Ruti kama raia. Siku ile sijui nitalala namna gani."

Wale waliovunja mlango wake Fizi walivaa buti kama zile. Goretti aliujua mlio wake juu ya sakafu ya udongo, na alijua sehemu gani ya mwili huanza kukakamaa mlio huo unapokaribia. Wiki ya kwanza alizishika kwa gazeti. Wa kwanza kuzishika kwa mkono alikuwa Yudita, aliyeingiza miguu yake yote miwili ndani ya buti moja, akaruka nayo chumba kizima, akaanguka, akacheka. Mama mtu alitaka kumchapa. Badala yake alikaa chini na kucheka naye, na tangu siku hiyo gazeti halikuhitajika.

Kazi ya kumtunza mwanaume asiyekuwepo haikuwa ndogo. Goretti alinunua suruali ya mtumba na kuianika kambani kila alipofua. Akipika, alisonga ugali mwingi zaidi kwenye sufuria ili mwiko usikike ukigonga. Jioni aliongea kwa sauti na mtu aliyekaa kimya, akimlaumu kwa kuchelewa au kumwambia mlango wa nyuma unahitaji bawaba. Mwanzoni alisema hayo kwa ajili ya sikio lililo nje. Baadaye alijikuta akimsimulia mambo ambayo hayakumhusu mwizi yeyote: wateja wakorofi, mgongo unaouma, ndoto. Hakujidanganya kwamba kulikuwa na mtu. Lakini alilala, jambo ambalo lilikuwa limempotea kwa muda mrefu, na mtu aliyerudishiwa usingizi hamchunguzi sana aliyeurudisha.

Jioni moja ya mvua tochi ilimulika chini ya mlango. Goretti alimziba Yudita mdomo kwa kiganja. Mwanga ulisimama kwenye buti, ukatambaa juu ukutani, ukarudi kwenye buti tena. Kisha nyayo zikaondoka, polepole. Usiku uleule nyumba ya tatu kutoka kwake ilivunjwa, na mzee mmoja akapigwa ubapa wa panga. Goretti alimpelekea uji mgonjwa huyo kila siku mpaka akapona. Hakumwambia mtu kwa nini wezi walipita kwake wakaenda kule, na uji ule haukumpunguzia kitu moyoni.

Hazikupita siku nyingi, maneno yakaanza. Mwanamke mjane, kiongozi wa sauti ya kwanza, analala na askari ambaye hajamleta kanisani, hajatoa mahari, wala hajawahi kuwasalimia majirani. Wapo walioapa kwamba wamemwona. Mmoja alimwona akitoka alfajiri, mrefu, mweusi, amevaa koti. Mwingine alisema ni mfupi. Goretti aliposikia habari hizo alifurahi kwa muda, maana kazi yake ilikuwa imekubalika, kisha akakumbuka kwamba maneno hayo yangefika kanisani.

Pasta Modeste na Mzee Kalume, mzee wa kanisa, walifika mchana wa Alhamisi. Mzee Kalume alizunguka zile buti kama mtu anayempita mbwa aliyelala. Goretti akamtuma Yudita maji, akawapa wageni viti.

"Batu banasema mingi, Mama Yudita," Mzee Kalume alianza. "Banasema mu nyumba yako kunalalaka askari. Tunauliza tu, ni kweli ao ni uongo?"

"Hatukukuja kukuhukumu," Pasta akaongeza. "Kama ni bwana yako, umulete tumuone. Ndoa ni kitu ya kufurahia. Anatumikaka fasi gani?"

"Mbali, Pasta."

"Mbali wapi?"

Goretti alizitazama buti pale nje. Angeweza kuwaambia. Pasta Modeste alikuwa mtu mwema, pengine mwema kuliko wote aliowajua kambini, na hapo ndipo penye hatari. Mtu mbaya angeificha siri hiyo apate kumtawala nayo. Mtu mwema angesimama madhabahuni Jumapili, uso unang'aa kwa furaha, awatangazie watu wote kwamba Mama Yudita ni safi na zile buti ni za kutishia wezi. Wangempigia makofi. Na kabla ya Jumatatu, benchi la kila duka lingekuwa na habari hiyo.

"Basi, Jumapili utasimama mbele ya kanisa," Pasta alisema, na sauti yake ilionyesha kwamba hapendi anachokisema. "Ukisema hakuna mwanaume, sisi tunakuamini na maneno inaisha. Ukisema iko, utatoka mu kwaya, utaacha meza ya Bwana, utakaa benchi ya nyuma mpaka mambo itengenezwe. Chagua wewe."

Kwa hiyo alitakiwa kutamka neno moja tu, hakuna mwanaume, yaani lilelile la yule mwenye bunduki. Akilisema, angebaki na kwaya, na sufuria za wenzake siku ya ugonjwa, na mikono ya kumzika. Asiposema, angebaki na usingizi wa mtoto wake. Ijumaa na Jumamosi zote alijaribu kutafuta njia ya katikati na hakuipata. Alimchukia Pasta kwa muda, akamchukia aliyewapelekea wezi habari, akamchukia hata marehemu kwa kufa. Hasira ikamwisha akabaki amechoka.

Jumamosi jioni alikuwa akimsuka Yudita nywele.

"Mama, kusema uongo mu kanisa ni zambi?"

"Ndiyo, ni zambi."

"Na kesho utasema?"

Goretti aligawa nywele kwa kitana, akavuta, akaanza msuko mwingine. "Tulia. Utanifanya nikosee."

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Wengine walisimama nje wakichungulia, wengi wao watu ambao hawakuwa na mazoea ya kuja. Pasta alimwita. Goretti alisimama mbele akiwa na kitambaa cheupe cha kwaya begani, akawatazama watu wale mmoja mmoja. Aliwapenda. Alikuwa ameimba kwenye harusi zao na kulia kwenye misiba yao, na hakuna hata uso mmoja ambao angeweza kuuapia kwamba sio uliowapa wezi habari.

"Mama Yudita," Pasta akasema taratibu, "mu nyumba yako kuko mwanaume ao hakuna?"

"Iko," Goretti akasema.

Sauti yake ilitoka kubwa, sauti ya kwanza ya kwaya, ikafika hadi kwa wale wa dirishani. Akaona ni vyema ifike. "Iko," akarudia, "na analalaka ndani kila siku. Na hapendake batu kupita pita pale nyumbani."

Mnong'ono ukapita kanisani. Pasta Modeste aliinamisha kichwa, na ilimuuma Goretti kumwona vile kuliko kukemewa. Akavua kitambaa, akakikunja vizuri, akamkabidhi mama aliyesimama karibu, akaanza kutembea kuelekea nyuma. Yudita, kwenye benchi la watoto, alimfuata kwa macho bila kupepesa.

Benchi la nyuma lilikuwa na mtu mmoja tu. Huyo alikuwa Orpa, mjane aliyeishi upande wa juu wa kisima, aliyetengwa mwaka uliopita kwa sababu ya kofia ya askari mlinzi iliyoonekana imetundikwa dirishani mwake. Yule mlinzi mwenyewe hakuna aliyepata kumwona vizuri. Goretti alikumbuka jinsi walivyomsema Orpa kwenye mazoezi ya kwaya, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema mwanamke mwenye aibu angalau angeificha ile kofia. Akakaa ncha ya benchi, mbali kidogo, asijue pa kuweka mikono.

Mbele, kwaya ilianza wimbo. Sauti ya kwanza ilipanda, ikayumba, ikatafuta mahali pa kushika.

"Wa kwako," Orpa alinong'ona, macho yake yakiwa mbele, "anakoromaka?"

Goretti alisubiri ubeti uishe.

"Hapana," akajibu.

"Hata wa kwangu hakoromake," Orpa akasema. "Tangu amefika, hata siku moja."

Goretti akamgeukia. Alitaka kusema jambo, pengine kuomba msamaha, lakini kicheko kilimpanda ghafla, akakiziba kwa pembe ya kitenge, mabega yakimtikisika. Orpa akamsogelea na kumwekea mkono mgongoni. Mama mmoja wa benchi la mbele aligeuka, akawaona, akatikisa kichwa kwa huruma akidhani Goretti analia, na hakuwa amekosea sana.