Sheria ya Mkono Mmoja

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mmoja, na miaka hiyo yote wanafunzi wangu waliuona umeme ubaoni tu, umechorwa kwa chaki. Huku kwetu Bihambwe hakuna nguzo wala waya. Nilipostaafu nikaapa kwamba nitautengeneza wangu mwenyewe, nyumbani kwangu, na uwe mkali.

Msinicheke. Wazee wenzangu wana ng'ombe wa kutazama. Mimi nilikuwa na betri ya gari, bobini niliyoitoa kwenye pikipiki iliyokufa, na chupa tatu kubwa za kioo. Chupa nilizivisha karatasi ya alumini nje na ndani, na kila kizibo kikapitishwa msumari mrefu. Bobini inaukuza umeme wa betri mpaka unaweza kuruka hewani. Chupa inaumeza na kuutunza. Ukileta waya karibu na msumari, paa! Uzi wa buluu unaruka, na hewa inanuka kama radi imepita jirani. Nitawaelezaje utamu wake? Nusu ya utamu ulikuwa woga. Redio nimetengeneza nyingi, na hakuna hata moja iliyowahi kunisimamisha nywele.

Mke wangu Adelaïde hakuuona utamu huo.

"Ile kitu yako itakuja kuua muntu humu nyumba," alikuwa akisema.

Nilimjibu kwamba nina sheria. Ukiikaribia chupa iliyojaa, mkono mmoja ufanye kazi, wa pili ukae mfukoni. Unaishika chupa tumboni tu, mbali na msumari. Umeme unatafuta pa kupita, na ukiupa mikono yote miwili, utapita kifuani mwako. Niliifuata sheria hiyo mpaka nikaizoea vibaya. Watu walianza kulalamika kwamba Mwalimu Grégoire anatoa na kupokea vitu kwa mkono mmoja, kama mtu aliyejilea mwenyewe. Kwetu kitu hutolewa na kupokewa kwa mikono miwili. Mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Nililijua vizuri, na sikulijali.

Mwaka jana mwanangu Thierry alimwoa Uwamwezi, binti kutoka kijiji cha Bweremana, kisha akarudi Kibua kwenye biashara yake ya maharagi na kumwacha mkewe kwetu kwa muda. Mkamwana hana maneno mengi na baba mkwe. Kwa wiki tatu tulisalimiana tu. Halafu mchana mmoja akachungulia mlangoni kwangu.

"Papa, njo nini inalia vile?"

Tangu niache shule hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali. Nilifurahi kama kijana aliyesifiwa kanisani. Nikamkaribisha, nikajaza chupa zote tatu. Nikatoa cheche ya kwanza. Akaruka, akacheka, akapiga makofi. Nikatoa ya pili.

"Eh, Papa! Muko na radi mu chupa!"

Hapo sifa zikanilevya. Nikaanza kueleza, na mimi nikianza kueleza sinyamazi, muulizeni yeyote niliyemfundisha. Kwa maneno mengi nikasahau kwamba chupa ya tatu bado imejaa. Nikaishika tumboni kwa mkono mmoja, wa pili mfukoni kama kawaida yangu, nikamnyoshea.

"Shika, uone vile iko mwepesi."

Akapangusa viganja kwenye kitenge, akakunja goti kidogo. Kisha akaipokea kama mama yake alivyomfundisha kupokea kitu cha baba mkwe: mkono wa kushoto chini ya chupa, wa kulia shingoni, pale penye msumari.

Alipiga ukelele mmoja tu. Chupa ikaruka na kupasuka sakafuni, naye akaanguka juu ya vioo, mkono wa kulia ukitangulia.

Umeme wenyewe ulikuwa mdogo, usingemuua. Nilimwambia Adelaïde hivyo wakati bado tunazuia damu, naye akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Kwenye kituo cha afya walikishona kiganja vizuri, lakini kano zilikuwa zimekatika. Vidole vitatu havikunjiki tena. Uwamwezi anauonea aibu mkono ule, anauficha ndani ya kitenge, na vitu anashika kwa kushoto.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mjukuu sina bado, lakini majuto ninayo, na yananipikia kila siku kwa mkono wa kushoto. Kuna jambo moja linanitafuna kuliko yote. Ningempa chupa ile kwa heshima, kwa mikono yangu miwili, mmoja chini na mmoja shingoni, umeme ungenipita mimi.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mama Nyiramana alikuwa akiwagawia wake vijana mbegu za maharagi. Ni mzee, na hapendi upuuzi. Zamu ya Uwamwezi ilipofika, akanyosha mkono wa kushoto.

"We mutoto! Unapokea na kushoto? Kwenu habakukufundisha kuheshimu bakubwa?"

Watu wakageuka. Uwamwezi akainama.

"Munisamehe, mama."

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Neno moja lingetosha. Lakini wazee wa kanisa walikuwepo, wanafunzi wangu wa zamani walikuwepo, na mimi ni Mwalimu. Nikatazama viatu vyangu.

Njiani nilimuuliza, "Juu ya nini haukumuonyesha mukono?"

Aliuvuta mkono ule ndani zaidi ya kitenge.

"Papa, ningemuonyesha, angeuliza nani aliniumiza."

Bobini bado iko chini ya kitanda changu. Sitawadanganya: radi ikilia juu ya vilima, vidole vyangu vinawasha. Nina vidole kumi, vyote vizima.

Jioni ya Jumapili ile Uwamwezi aliniletea sahani ya viazi kwa mkono wa kushoto. Nilisimama, nikaipokea kwa mikono yangu yote miwili, na yeye akatazama chini kwa aibu, kwa sababu mzee hamsimamii mkamwana. Kwa Mama Nyiramana ni mwendo wa dakika kumi tu kwa miguu. Sijaenda bado.