Kopo Moja la Mtindi

Mimi ndiye niliyeandika kwamba banitsa, ile pai yetu ya jibini, ya Kwa Stefka imekauka na chumvi imezidi. Sikuficha jina. Kundi letu la simu linaitwa Tunakula Wapi, lina watu elfu nne wa mji wetu wa Sevlievo na vijiji vya jirani, na kila Ijumaa wananiuliza Jumapili waende kula wapi, au kama hawana hela ya kwenda popote, wapike nini nyumbani. Nimewapikia watoto wa chekechea miaka thelathini na miwili. Mtoto wa miaka minne hana adabu za mezani, asipopenda, anatema. Nami nikazoea kusema hivyo hivyo.

Kwa Stefka ni mkahawa wa meza sita nyuma ya stendi ya mabasi. Kila asubuhi Stefka alipanga karatasi nyembamba za unga kwenye sinia, katikati akaweka jibini, mayai na mtindi uliopigwa na magadi mpaka ukaumuka, akaingiza tanurini. Sinia moja kwa siku, mbili Jumapili, ikiisha imeisha. Mji mzima uliamka mapema kwa ajili hiyo. Septemba Stefka akafariki. Mumewe Nedyalko, ambaye tangu astaafu kazi yake ilikuwa kukaa kaunta, kumimina pombe na kubishana mambo ya mpira, akaingia jikoni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Februari nilikwenda, nikala, nikaandika, na mwisho nikamalizia: kwa sasa nendeni kwingine.

Wakaenda kwingine.

Mwanzoni mwa Machi Nedyalko akabisha hodi kwangu, amebeba sinia iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Dada Donka, sikuja kugombana."

"Ungekuwa wa kugombana ungekuja mwezi uliopita. Ingia, unanipitishia baridi."

Akaweka sinia mezani, hakukaa. "Vesela anakuja mwisho wa mwezi. Anataka nifunge, nikabidhi funguo, nikaishi kwao, mjini Sofia. Ghorofa ya nane. Nikafanye nini huko juu, nihesabu magari?"

"Binti yako ana sababu. Mkahawa hauna watu."

"Hauna watu kwa sababu yako," akasema, bila kupandisha sauti. "Basi onja. Watu elfu nne umewaambia ni mbaya. Mimi niambie nimekosea wapi."

Hapo alinipata, na nilijisikia vibaya. Nilionja. Ilikuwa kavu vile vile, chumvi vile vile, na sikujua amekosea wapi.

Akatoa mfukoni daftari la Stefka, jalada lake limejaa madoa ya mafuta. Akasema anafuata herufi kwa herufi. Mayai manne, jibini nusu kilo, mtindi kopo moja, mafuta nusu kopo, magadi kijiko. Kwetu kila kitu kinapimwa kwa kopo la mtindi. Ukilimaliza unalisuuza, unapimia mafuta, sukari, unga. Mizani ni ya duka la dawa.

"Vua koti," nikamwambia. "Upike hapa hapa nikikuona."

Akaenda kuleta jibini na mtindi wake, nami nikakaa kama mkaguzi. Nilitaka sana nione kosa, nimkemee, yaishe. Lakini mkono wake haukuwa mbaya. Mayai aliyapiga vizuri, karatasi hakuzichana, mtindi aliumimina wote na kopo akalikomba kwa kidole. Ikatoka tanurini kavu.

"Hilo jibini lako."

"La mtu yule yule, tangu enzi."

"Basi tanuri yako…"

"Hii ni tanuri yako, dada."

Nikamnyang'anya daftari. Juu ya ukurasa Stefka alikuwa ameandika mwaka, 1983, kwa mwandiko wa msichana.

"Mwaka huo mlinunua mtindi wa namna gani?"

"Wa ng'ombe. Wa namna gani tena?"

"Nedyalko, nakuuliza kopo. Lilikuwa la plastiki?"

Akafikiri. "La kioo. Tulikuwa tunayarudisha dukani."

Nilikwenda roshani, kwenye yale makopo ya kioo ninayotilia rojo la pilipili kila vuli, nikachukua moja tupu. Nikajaza maji kwenye kopo lake la plastiki, nikayamimina humo. Yakaishia chini, vidole viwili kabla ya shingo. La zamani ni gramu mia tano, la sasa ni mia nne. Kopo limepungua, neno limebaki lile lile. Mayai hayakupungua wala jibini halikupungua, kwa hiyo chumvi imekosa wa kuipoza. Na mimi mpishi mzima sikuliwaza, maana chekechea tulipika kwa kilo na lita.

Nilitegemea afurahi. Akakunja uso.

"Haiwezekani. Mpaka Septemba Stefka alitumia haya haya ya plastiki. Mimi ndiye niliyetumwa dukani."

"Ulitumwa mangapi?"

"Mawili."

"Na daftari linasema moja."

Akakaa, mara ya kwanza tangu aingie. "La pili nilidhani ni langu," akasema. "Kila jioni kwenye friji palikuwa na kopo lililofunguliwa, limepungua juu kidogo. Nalila na mkate na kitunguu saumu. Nikamwambia siku moja, wewe mwanamke, mbona unanidokolea mtindi wangu? Akacheka mpaka akashika meza. Kumbe alikuwa anachota wa kujazia banitsa, mimi napewa mabaki, na najiona napendwa."

Nilimwonea huruma, nikafungua kopo la pili.

Tukapika upya. Robo ya kopo la pili ikaingia, mafuta tukaongeza kidogo. Safari hii ilipanda, ikalegea ndani, chumvi ikakaa mahali pake. Tulikula tumesimama. Alimaliza kipande kimoja, akaifunika iliyobaki kwa kitambaa, akaenda zake.

Ijumaa nikaandika kwenye kundi. Sijawahi kurudisha neno langu, na vidole vilikuwa vizito. Niliandika: "Februari niliwaambia msiende Kwa Stefka. Banitsa kweli ilikuwa kavu, ila nilifanya vibaya kuwafukuza bila kumuuliza mpishi swali hata moja. Imetengemaa. Jumapili nendeni, mimi nitakuwepo." Mincho, dereva mstaafu ambaye amesubiri miaka sita nikosee, akajibu kabla sijaiweka simu chini: "Jamani, leo jua limechomoza upande gani?" Nikamwacha afaidi. Wengine wakaanza kudai mapishi, kama ilivyo desturi yetu. Nikampigia Nedyalko.

"Andika kama ilivyo kwenye daftari," akasema. "Kopo moja."

"Watakosea."

"Wakikosea watakuja kula kwangu."

Nikaandika kopo moja. Dhambi hiyo ninayo, na siitubii.

Jumapili ya mwisho wa mwezi Vesela akafika na masanduku ya makaratasi ya kufungia vyombo. Mlangoni limebandikwa tangazo jipya la kumkumbuka marehemu, kama desturi yetu kila ikitimia miezi sita, picha ya Stefka amevaa miwani, na chini ya picha watu wamepanga foleni. Meza zote sita zimejaa. Vesela alisimama katikati na masanduku yake, kila mtu akimwambia apishe, mpaka akachoka akayatupa chini, akavaa aproni. Mincho alikula vipande vitatu akasema ya zamani ilikuwa nzuri zaidi. Hakuna aliyemsikiliza.

Saa tisa alasiri wateja walikwisha. Nilikuwa nasuuza sahani. Vesela akaanza kusafisha friji, maana hata kazi ikiisha hawezi kukaa bure.

"Baba, hili kopo limefunguliwa. Nilitupe?"

"Liache."

"Limeshachotwa."

"Najua. Lete hapa."

Akakaa meza ya karibu na jiko, akaponda kitunguu saumu, akamega mkate. Nimemjua Nedyalko miaka arobaini. Kaburini hakulia, kwenye arobaini hakulia. Sasa machozi yalimtoka huku anakula, wala hakuacha kula. Vesela akanigeukia kuuliza kuna nini. Nikamwambia amuulize mwenyewe. Akavuta kiti, na baba yake akamweleza yote, kopo la kioo, la plastiki, na yeye mjinga aliyedhani la pili ni lake.

Vesela alisikiliza mpaka mwisho.

"Baba, kabla hujastaafu alikuwa ananituma mimi," akasema. "Alikuwa anasema, lete mawili, moja la banitsa na moja la baba yako. Ukikuta moja tu, hilo ni la baba yako. Siku hiyo nitapika kitu kingine."

Nedyalko akaacha kutafuna. Kisha akasogeza kopo katikati ya meza, akamegea binti yake mkate.