Shangazi Mbele ya Keki

Christa Kasika, mshairi na mpiga gitaa wa Butembo, hakupenda kutaja majina ya watu katika nyimbo zake. Kwenye harusi moja huko Beni, baba wa bibi arusi alimwambia ataje ukoo wote, la sivyo maikrofoni atapewa mwingine. Akataja watu kumi na wanne. Akamsahau shangazi wa bibi arusi.

Shangazi Kanyere akavuta kiti mbele ya keki, akaketi.

"Miye hapana mutu? Basi hii keki batakata kesho!"

"Pole, Mama. Unafanyaka kazi gani?" aliuliza Christa.

"Naletaka samaki na ndoo kutoka Kyavinyonge, kule ku ziwa. Ile samaki ndiyo ilisomesha huyu mariée!" akamwonyesha bibi arusi kwa kidole.

Papo hapo Christa akaimba kuhusu barabara, ndoo na samaki, bila jina lolote. Ukumbi mzima ukamgeukia Kanyere. Naye akainuka kucheza, na keki ikakatwa.